Hofu ya Baba na Masikio ya Mwana

Miongoni mwa filamu za katuni zilizoingia katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa kwa njia ya diski na runinga, zikapendwa na wakubwa kadiri zilivyopendwa na wadogo, ni chache zilizolishika jambo zito kwa utulivu kama ile iitwayo Finding Nemo, iliyotolewa na kampuni ya Pixar huko Marekani mwaka wa 2003 chini ya uongozi wa Andrew Stanton, na ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Wengi huikumbuka kwa rangi zake na kwa mzaha wa yule samaki wa buluu asiyeweza kukumbuka neno alilolisema punde. Lakini chini ya rangi na mzaha huo mna habari ya baba ampendaye mwanawe kwa dhati ya moyo, na ya mwana asiyeyaona mapenzi hayo kwa kuwa yamemfikia yamevaa sura ya katazo. Hiyo ndiyo habari niitakayo kuizungumza, kwani naona inatuhusu sana sisi tulio wazazi na wana katika kisiwa hiki, ambacho bahari imekizunguka pande zote, na ambacho baba zake wamekuwa wakiwazuia wana wao na bahari tangu zama.

Kwa asiyeiona, kisa chenyewe ni hiki. Samaki mdogo wa matumbawe aitwaye Marlin, mwenye rangi ya chungwa na mikanda myeupe, amehamia pamoja na mkewe, Coral, katika makao mapya kwenye ukingo wa mwamba, mahali ambapo maji mafupi hukoma na kilindi huanza. Wana mayai zaidi ya 400 yanayokaribia kuanguliwa, na mke na mume wamo katika kushauriana majina. Mara hutokea mzia, samaki mwenye meno makali ambaye wavuvi wetu wanamjua vyema. Coral anakwenda mbio kuyahami mayai, Marlin anapigwa hata akazimia, na anapozindukana hamkuti mke wala mayai, ila yai moja tu lililopata ufa. Analipakata yai lile, analiahidi kwamba halitapatwa na dhara maadamu yeye yu hai, na analipa jina alilolipenda mkewe: Nemo. Yote hayo hupita kwa dakika chache, kabla hata jina la filamu halijaonyeshwa, na mtazamaji aliyechelewa kuketi hukosa ufunguo wa yote yanayofuata.

Nemo mwenyewe ni katika hao waliochelewa. Alikuwa ndani ya yai. Anapokua na kuwa mwana mchangamfu mwenye pezi moja fupi, pezi ambalo babake kwa upole huliita pezi la bahati, anachokijua yeye ni kwamba anaye baba anayetoka nje ya nyumba na kurudi ndani mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuondoka, anayetilia shaka kila mchezo na kila rafiki, na ambaye lau angeachiwa angeiahirisha hata siku ya kwanza ya kwenda shule. Siku hiyo inapowadia, na mwalimu wao ambaye ni samaki taa anawachukua wanafunzi mgongoni, Marlin anapata habari kwamba safari yao ni ya kwenda ukingoni mwa mwamba. Hapo moyo humruka. Anawafuata, anamkuta mwanawe na wenziwe wakitazama mashua iliyotia nanga mbali kwenye maji makuu, na bila ya kuuliza lolote anamkemea mbele ya wenziwe, akamwambia kwa maana kwamba wewe wadhani unaweza mambo haya, kumbe huyawezi. Mwana aliyeaibishwa mbele ya rika lake anamjibu babake kwamba anamchukia, kisha anaogelea hadi kwenye ile mashua, anaigusa kwa pezi lake kuonyesha kwamba anaweza, na akiwa njiani kurudi anakamatwa na mpiga mbizi, daktari wa meno wa mji wa Sydney, ambaye anamtia katika tangi la kioo.

Tuyatazame kwa makini maneno yale mawili, la baba na la mwana, kwa kuwa hapo ndipo mafahamiano yalipovunjika. Marlin aliposema kwamba huyawezi, moyoni mwake alikuwa akimwona mzia, na akimwona Coral, na akiyaona mayai 400 yaliyotoweka; neno lake lilikuwa kilio cha mtu aliyefiwa. Lakini Nemo hakupata kumwona mzia. Yeye aliliona pezi lake fupi, akaona wenziwe wanamtazama, na akasikia hukumu juu ya udhaifu wake kutoka kwa mtu ambaye rai yake ni nzito kwake kuliko rai ya walimwengu wote. Hofu isiyosimuliwa sababu yake, inapotoka kinywani mwa mzazi, humfikia mtoto kama dharau. Na mtoto aliyedharauliwa na amuheshimuye hutafuta kwa haraka jambo la hatari la kumkanusha. Baba na mwana wote wawili walisema kweli kwa yale waliyoyajua, na kweli zao hazikukutana.

Stanton amepata kusimulia kwamba wazo la filamu hii lilimjia siku aliyotoka kutembea na mwanawe mdogo bustanini, baada ya muda mrefu wa kazi zilizokuwa zikimtenga naye, akajikuta njia nzima hana alifanyalo ila kukataza: usiguse hiki, utaanguka pale, akatanabahi kwamba fursa aliyoitamani ya kuwa pamoja na mwanawe imemalizika katika makatazo. Basi mwenye kuitunga habari ya Marlin ni baba aliyeyaona haya nafsini mwake, na labda ndiyo sababu filamu haimfedhehi Marlin hata mara moja. Hofu yake inaheshimiwa. Papa ni wa kweli, konyeza wanaowasha ni wa kweli, nyavu ni za kweli. Bahari ya filamu hii ina kila hatari aliyoihofia.

Yafaa hapa kukumbuka filamu nyingine ya katuni, The Lion King ya mwaka wa 1994, ambayo watu wetu wameipenda kwa kuwa iliazima majina yake mengi kutoka lugha yetu. Humo pia mna mwana anayekwenda palipokatazwa na baba anayemwokoa; lakini Mfalme Mufasa, akiisha kumkaripia Simba, anakaa naye peke yao nyikani usiku, na anakiri kwake kwamba siku ile aliogopa, kwani alidhani atampoteza. Simba anashangaa kusikia kwamba wafalme pia huogopa. Ni maneno machache mno, wala hayapunguzi adhama ya mfalme. Bali tangu dakika ile mtoto anajua kwamba ukali alioupata ulikuwa na hofu ndani yake, na hofu ilikuwa na mapenzi ndani yake. Marlin hakupata kulisema neno kama hilo, na kwa kukosa kulisema ilimlazimu avuke bahari.

Na bahari hiyo si ya ugenini kwetu. Samaki wa jamaa ya Marlin wanaishi katika matumbawe yaliyo mbele ya Nyali na Bamburi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka wa 1986, na mwenye kupanda mashua yenye sakafu ya kioo maji yakiwa matulivu anaweza kuwatazama. Hawafanani naye kabisa: aliye mashuhuri zaidi katika pwani hii ya Afrika ya Mashariki, ambaye wataalamu humwita Amphiprion allardi, ana mwili wa hudhurungi iliyoiva, mapezi ya rangi ya chungwa na mikanda miwili myeupe yenye kuelekea buluu. Makao yake ni baina ya mikono laini ya anemoni, mnyama wa bahari aliyejishikiza mwambani kama ua, ambaye mguso wake huwasha na kuua samaki wengine wadogo. Samaki huyu Mwenyezi Mungu amempa ute juu ya ngozi unaomsitiri na sumu ile, basi hulala salama mahali ambapo adui yake hathubutu kupeleka kichwa. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba ulezi wa mayai katika samaki hawa ni kazi ya baba hasa. Mama, ambaye ndiye mkubwa wa mwili, hutaga juu ya jiwe lililosafishwa kando ya anemoni, na baba hukaa juu ya mayai yale usiku na mchana, akiyapepea kwa mapezi ili maji yapite, akiyaondoa yaliyoharibika, na kumvamia yeyote akaribiaye, hata akiwa mkubwa kuliko yeye mara nyingi. Baada ya juma moja hivi mayai huanguliwa, na vitoto huchukuliwa na mkondo, wala baba hawaoni tena. Yaliyobaki, ya kumlea mwana na kumpeleka shule, yametungwa na wanadamu. Lakini yule baba aliyekakawana juu ya yai hakutungwa.

Sasa tuingie mjini. Maji yanapojaa wakati wa bamvua, na Bandari ya Kale ikafurika hata ngazi zake za mawe zikazama, vijana wa Kibokoni na mitaa ya jirani huvua mashati, wakaruka majini kutoka ukutani, mmoja kichwa chini, mwingine magoti kifuani, huku kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, zikiwaangalia. Furaha yao haielezeki. Aghalabu kila mmoja wao amekatazwa na babake asiende huko, na aghalabu kila mmoja ana tadbiri yake ya kuficha: atajimwagia maji baridi ya mfereji kabla ya kurudi, au atakaa juani mpaka nywele zikauke. Lakini wazee walikuwa watoto wa ngazi zile zile. Baba humwita mwanawe, akamshika mkono bila ya kusema neno, akaupitisha ukucha juu ya ngozi ya kigasha. Ukucha ukiacha mstari mweupe, hiyo ni chumvi, na kesi imekwisha.

"Ulikuwa wapi?"

"Chuoni, baba."

"Na chumvi hii yatoka chuoni?"

Mtoto huinamisha kichwa, huadhibiwa, na huambiwa asirudie. Hujifunza siku hiyo namna ya kuosha mikono yake vizuri zaidi. Alichokosa kujifunza ni kwa nini uso wa babake ulibadilika rangi kabla ya ghadhabu kuja, jambo ambalo ndilo angetakiwa kulijua, kwa kuwa rangi ile ndiyo iliyokuwa kweli, na ghadhabu ilikuwa ni vazi lake tu.

Kwa wengi wa baba hawa hofu ina tarehe. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili mwaka wa 1994 kivuko cha Mtongwe, kilichokuwa kikiwavusha watu kuja kisiwani kutafuta riziki zao, kilipinduka karibu na pwani, na watu 272 wakafa maji. Hapana mtaa wa Mombasa wala kijiji cha Likoni na Mtongwe ambao haukuzika, au haukuhudhuria maziko, au haukusimama ufukoni kungoja. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tano mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto. Akimwona mwanawe ananing'inia kwenye ukuta wa bandari, yeye haoni mchezo, huiona asubuhi ile. Lakini mtoto aliyezaliwa miaka kumi au ishirini baadaye anaijua Mtongwe kama jina la mahali, pengine kituo cha matatu. Asipoambiwa, atasadiki kwamba babake ni mtu wa kupenda kukataza, au kwamba babake anamwona hana nguvu za kuogelea, ilhali anajiona nafsini mwake kuwa anaogelea kuliko rika lake lote.

Na hofu za nchi kavu ni nyingi kuliko za majini. Baba wa Mji wa Kale humwogopea mwanawe unga, dawa hii ya kulevya iliyowatafuna vijana wa pwani kwa miaka mingi ikaziacha nyumba za heshima na majonzi. Humwogopea marafiki wa vichochoroni, na simu, na safari ya Arabuni isiyo na mkataba wa kueleweka. Kila moja katika hofu hizi ina mtu nyuma yake, ndugu au jirani au mtu aliyesoma naye chuo kimoja, ambaye jina lake halitajwi nyumbani kwa sitara. Sitara ni jambo jema, nami siwezi kuilaumu. Hata hivyo yako majira ambapo sitara ya kulihifadhi jina la marehemu humnyima aliye hai kinga yake, na nadhani baba mwenye busara anaweza kuisimulia habari bila ya kumfedhehi mwenyewe.

Jambo moja linatutenga sisi na Nemo. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za hapa hawezi kumtamkia babake kwamba anamchukia. Ulimi haumpi, na hata ungempa, mama na bibi na ami wangemshukia kabla ya sentensi kwisha. Yeye hujibu, "Ndiyo, baba," akanyamaza. Huenda tukajisifu kwa hilo, na ni haki yetu, kwa kuwa heshima kwa mzazi ni katika nguzo za maisha yetu. Lakini tusidhani kwamba kimya ni ridhaa. Marlin alilisikia neno la mwanawe, likamchoma, na kwa hiyo alijua mara moja kwamba kuna jambo limeharibika baina yao. Baba wa kwetu anaweza kukaa miaka kumi na mwana asemaye ndiyo, asijue kwamba mwana huyo ameshaondoka nyumbani kwa moyo wake zamani.

Walakini filamu hii ina sehemu ambayo, kila niitazamapo, naona kana kwamba iliandikwa na mtu aliyepata kukaa barazani Mombasa. Marlin, akiwa katika safari yake ya kumtafuta mwanawe, amewasimulia watoto wa kasa yaliyompata: namna alivyokabiliana na papa, namna alivyopita katikati ya konyeza. Habari ile haikubaki kwa kasa. Inatoka kinywa hata kinywa, kwa samaki wadogo, kwa kamba, kwa pomboo, ikapanda juu kwa ndege, hata ikafika bandari ya Sydney kwa mwari mmoja aitwaye Nigel, naye akaichukua mpaka dirishani kwa daktari wa meno akamweleza Nemo ndani ya tangi lake. Yule mwana asikia kwa kinywa cha mgeni kwamba babake, yule mwoga asiyethubutu kutoka mlangoni, ameivuka bahari kwa ajili yake. Kisha tutazame anachokifanya. Kulikuwa na kazi ya hatari ndani ya tangi, ya kuizuia kwa kijiwe mashine inayosafisha maji, ambayo aliijaribu mara ya kwanza ikataka kumuua, na tangu hapo alikuwa hataki hata kuisikia; mara baada ya kuisikia habari ya babake, anachukua kijiwe, anaingia peke yake, na anaikamilisha. Ushujaa ambao makatazo hayakuuzuia na maneno ya kutia moyo hayakuuamsha, aliupata siku alipojua kwamba anapendwa.

Hivyo ndivyo mapenzi ya baba yanavyosafiri kwetu. Baba wa Mji wa Kale hamsifu mwanawe mbele ya uso wake, kwa kuogopa kumharibu na pia kwa kuogopa jicho. Lakini jioni, baada ya sala, ameketi barazani na wenziwe, muuza kahawa amekwisha kupita na dele lake na vikombe vikavu vinalia mkononi mwake, hapo utamsikia akisema kwamba kijana wake ameshika hisabu, kwamba amemaliza juzuu kadha wa kadha, kwamba ana huruma kwa bibi yake. Anasema kwa sauti ya chini, na macho yake yanatazama njia. Ami au jirani akiwa na hekima, atalichukua neno lile na kumfikishia mwenyewe: "Babako jana alikutaja kwa uzuri." Nimewaona vijana wakilipokea neno hilo, wakalifanyia ubishi kwanza, kisha wakataka lirudiwe. Mjumbe wa namna hii ana kazi kubwa kuliko adhaniavyo, na wajumbe hawa wanapungua, kwa kuwa mabaraza yamepungua na watu wa nyumba moja wametawanyika Kisauni, Nairobi na Muskat.

Wako pia wana walioachiwa na baba zao njia, lakini hawakuachiwa muda wa kuizungumza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa na azma ya kumpeleka mwanawe Ali katika chuo cha Al-Azhar huko Misri, ili aishike elimu ya dini kama wazee wake. Sheikh alifariki mwaka wa 1947, mwana akiwa na umri wa miaka 14. Safari ya Al-Azhar haikuwa tena. Ali akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, akapata kwenda Uingereza mwaka wa 1955, akasoma Manchester, kisha Columbia huko Marekani, kisha Oxford, akawa profesa wa siasa Makerere, na mwaka wa 1986 dunia nzima ikamwona katika runinga akiieleza Afrika na urithi wake wa namna tatu: wa asili, wa Uislamu na wa Magharibi. Yeye mwenyewe alizoea kuikumbuka ile nia ya babake. Na mwenye kuzisoma makala za Sheikh, ambazo baadhi yake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi mwaka wa 1944, ataona zikiuliza namna Mwislamu wa pwani atakavyopokea elimu ya kisasa bila ya kujipoteza; suala hilo hilo mwana alilizunguka maisha yake yote, kwa lugha nyingine na mbele ya hadhira nyingine. Alipofariki huko Marekani mwaka wa 2014, aliletwa akazikwa Mombasa, katika makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus. Njia ilikuwa nyingine kabisa na ile aliyokusudiwa, na mwana hakuwa ameasi.

Turudi kwa Marlin, ambaye safarini anakutana na baba mwingine: kasa mwenye umri wa miaka 150, anayesafiri na watu wake ndani ya mkondo mkuu wa bahari. Mwanawe mdogo anateleza na kutupwa nje ya mkondo. Marlin anaruka kwenda kumwokoa. Kasa anamzuia, amngoje kidogo aone mtoto atafanyaje peke yake. Mtoto anajitahidi, anarudi mwenyewe, anashangilia, na babake anashangilia naye. Marlin anauliza ni vipi mzazi hutambua kwamba mtoto amekuwa tayari, na jibu apewalo ni kwamba mzazi hatambui kwa yakini. Wao watoto hutambua kwanza. Wako watakaoliona jibu hilo kuwa la upuuzi. Mimi naliona la kweli lakini pungufu, kwa kuwa kasa yule hajapata kufiwa mbele ya macho yetu, na ni rahisi kwa asiyejeruhiwa kumshauri mwenye jeraha. Lililo zito zaidi kwangu ni neno la yule samaki wa buluu, Dory, mwenzake wa safari. Marlin anapomwambia kwamba aliapa hatamwachia mwanawe apatwe na jambo lolote, Dory anashangaa: asipopatwa na jambo lolote, basi hatakuwa na lolote la maisha. Kilichofanya kasa na Dory wamfikie Marlin, ambapo nasaha za majirani zake hazikumfikia, ni kwamba walikuwa pamoja naye katika taabu.

Mwishoni, Nemo akiisha kurudi baharini, Dory ananaswa na kundi la samaki ndani ya wavu wa wavuvi, na Nemo anajua la kufanya: aingie mle awaambie wote waogelee kwenda chini kwa pamoja. Marlin anakataa kwa nguvu. Hataki kumpoteza tena. Mwana anamwambia kwamba analiweza jambo hili. Ni neno lile lile la ukingoni mwa mwamba, limerudi likiwa kinyume, na safari hii baba anamtazama kwanza. Kisha anakubali, anamwachia, na kutoka nje ya wavu anasaidia kuita. Kamba zinakatika. Nemo anapatikana amelala mchangani chini ya wavu, na alipofumbua macho anamwambia babake kwamba hamchukii.

Jawabu la Marlin hapo si nasaha. Asubuhi ile ya shule mtoto alikuwa amemwuliza kasa huishi miaka mingapi, na baba hakujua; sasa anamweleza kwamba amekutana na kasa mwenyewe, na umri wake ni miaka 150, zaidi ya ile 100 aliyotajiwa na rafiki wa jirani. Amekwisha kuanza kusimulia. Siku chache baadaye ndiye anayemwamsha Nemo mapema aende shule, na anamruhusu aende bila ya kumfuata. Hata hivyo filamu haituonyeshi popote Marlin akimweleza mwanawe habari ya mzia, na ya Coral, na ya mayai mengine, wala kwamba jina aitwalo alilichagua mamake. Huenda Stanton aliona watazamaji wanalijua hilo na inatosha. Mimi naona haitoshi, kwa sababu katika wote walioitazama safari ile, aliyekuwa na haki ya kwanza ya kulijua ni Nemo.